Safari ya likizo kwa bajeti ndogo: Punguza nauli, usipunguze chandarua

Siku chache kabla ya Krismasi, Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, Dar es Salaam, hakilali. Mabegi yanapangwa sakafuni, watoto wanalala juu ya mabegi, na wapigadebe wanapita huku na huko wakiita majina ya mikoa. Mzazi aliyefika bila tiketi anabaki na maswali mawili tu: kiti kipo, na kama kipo, ni shilingi ngapi?

Hapo hana tena nguvu ya kupatana bei. Mtoto analia, jua linapanda, na anayeuza kiti anajua kuwa anayenunua hana pa kwenda. Mzazi huyo halipii safari peke yake. Analipia na kuchelewa kwake.

Wiki mbili baadaye huja hesabu ya pili. Mtoto aliyekunywa juisi ya njiani anaharisha. Aliyelala bila chandarua kwenye gesti ya bei poa anapata homa wiki ileile shule zinapofunguliwa. Fedha iliyookolewa kwa shida barabarani inaishia dirisha la dawa.

Kusafiri na watoto kwa gharama nafuu kunawezekana, lakini unafuu una mahali pake. Unapatikana kwenye tarehe, kwenye tiketi ya mapema, kwenye kuuliza bila aibu na kwenye kapu la chakula lililofungwa nyumbani. Haupatikani kwenye maji ya kunywa, chandarua wala kiti cha mtoto. Kwenye mambo hayo matatu, rahisi huwa ghali.

BEI YA TIKETI SI BEI YA SAFARI

Chukua mfano wa familia ya watu watano inayoishi Kimara, Dar es Salaam: baba, mama na watoto wa miaka 11, saba na mitatu. Bibi yao anaishi Kondoa, mkoani Dodoma, na wameahidi kula naye sikukuu.

Wana njia mbili. Ya kwanza ni basi kutoka Mbezi Luis, kituo ambacho hakiko mbali na kwao. Ya pili ni treni ya umeme ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) hadi Dodoma, kisha gari la Kondoa.

Wazazi wengi hulinganisha tiketi kwa tiketi na kuishia hapo. Hesabu ya safari na watoto, hata hivyo, huanzia mlangoni kwa baba na kuishia mlangoni kwa bibi. Ndani yake kuna nauli ya kufika kituoni, mlo wa njiani kwa watu watano, maji, choo, bajaji ya mwisho na chumba iwapo giza litawakuta njiani.

Kwa familia hii, treni ina faida ya muda. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma hutumia takribani saa nne au pungufu, wakati basi huweza kuchukua karibu mara mbili ya muda huo. Saa zinazookolewa ni fedha, kwa kuwa mtoto aliyekaa kwenye gari siku nzima atakula zaidi ya mara moja, na kila basi linaposimama atataka soda na biskuti.

Lakini treni hiyohiyo inaweza kuwa ghali wakichagua saa mbaya. Wakifika Dodoma usiku, magari ya Kondoa yatakuwa yameondoka na watahitaji chumba. Chumba hicho, pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa, kinaweza kumeza chote walichookoa. Treni ya asubuhi, inayowafikisha wakiwa na mchana wa kutosha wa kuunganisha safari, ndiyo nafuu hata kama viti vyake vinapaswa kutafutwa mapema zaidi.

TAREHE NDIYO PUNGUZO LA KWANZA

Nauli za mabasi ya mikoani hazijiendei zenyewe. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hupanga nauli kikomo kwa kuzingatia umbali na daraja la basi. Neno la kushika hapo ni "kikomo". Ni dari, si sakafu. Basi haliruhusiwi kuipita, lakini hakuna linalolizuia kutoza chini yake.

Ndiyo maana siku ambazo abiria ni wachache, baadhi ya mabasi hushusha bei ili yasiondoke na viti vitupu. Siku za sikukuu hali hugeuka: kila basi hutoza hadi darini, na wapo wanaojaribu kuipita.

Shule zikishafungwa mwanzoni mwa Desemba, zipo siku kadhaa kabla ya msongamano mkubwa unaoanza karibu na tarehe 20. Familia ambayo mzazi mmoja anaweza kuchukua likizo mapema hupata nafasi nzuri ya kuchagua basi, kiti na bei. Mzazi wa pili anaweza kufuata baadaye peke yake. Kiti kimoja cha dakika za mwisho si sawa na viti vinne.

Kuwatanguliza watoto peke yao kwa kumkabidhi kondakta ili kuokoa nauli ya mtu mzima si punguzo. Mtoto anayesafiri hahitaji kufikishwa tu. Anahitaji mtu wa kumpeleka chooni, kumwona akianza kuumwa na kumjibu kila mgeni anayemsogelea.

Tarehe ya kurudi nayo huamua. Kila mtu anataka kurejea wikiendi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, na bei inajua hivyo. Kurudi katikati ya wiki, siku tatu au nne mapema, huleta faida mbili: nauli yenye nafasi ya kupatana, na siku za kumwangalia mtoto kama yuko mzima kabla hajavaa sare.

Jambo la busara ni kununua tiketi ya kurudi siku ileile ya kununua ya kwenda. Wengi hufika nyumbani, zawadi na michango ya ukoo ikala fedha yote, kisha nauli ya kurudi ikawa mkopo.

NUSU NAULI YA MTOTO

Punguzo kubwa kuliko yote kwa wazazi halihitaji kupatana. Linahitaji kulijua.

Huduma ya treni ya umeme ilipoanza mwaka 2024, Juni hadi Morogoro na Julai hadi Dodoma, nauli ya mtu mzima kwa treni ya kawaida ilitangazwa kuwa Sh13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka minne hadi 12 alipangiwa nusu, yaani Sh6,500 na Sh15,500. Mtoto wa chini ya miaka minne hakupangiwa kulipa.

Kwa familia ya Kimara hesabu inakuwa hivi: watu wazima wawili ni Sh62,000. Watoto wa miaka 11 na saba ni Sh31,000. Wa miaka mitatu hana nauli. Jumla ni Sh93,000 kwenda Dodoma, na Sh186,000 kwenda na kurudi. Kama wangeambiwa kila mwenye miguu alipe nauli kamili, kwenda peke yake kungekuwa Sh155,000. Tofauti ya Sh62,000 kwa upande mmoja ni fedha ya kununua chandarua na kubaki na chenji.

Nauli hupitiwa upya, hivyo mzazi anapaswa kuthibitisha iliyopo kwenye mfumo wa tiketi wa TRC au dirishani kabla ya kupanga bajeti. Treni ya haraka hutozwa zaidi, na kwa familia isiyo na haraka, ile ya kawaida inatosha.

Mambo mawili huwaharibia watu punguzo hili. La kwanza ni umri usio na ushahidi. Nakala ya cheti cha kuzaliwa, au hata picha yake kwenye simu, huondoa ubishi na mkaguzi kuhusu mtoto mrefu wa miaka 12. La pili ni mizigo. Basi huvumilia ndoo na magunia, lakini treni hii ina masharti yake kuhusu mizigo mikubwa. Ni vizuri kuyasoma kabla, si kuyasikia mlangoni mkononi kukiwa na godoro la bibi.

Kwenye basi, swali la kuuliza siku ya kukata tiketi ni moja na liwe wazi: mtoto huyu akilipiwa hivi, ana kiti chake? Wazazi wengi huokoa nauli ya mtoto wa miaka saba kwa kumpakata. Kwa saa nane au tisa, mtoto huyo hana mkanda na hana pa kuegemea, na mzazi aliyechoka hamshiki sawasawa. Basi likifunga breki ghafla, mikono ya mzazi haina nguvu ya kumzuia. Kama kuna mahali pa kulipa bila kunung'unika, ni kwenye kiti cha mtoto aliyekwisha kukua.

Mabasi ya usiku, yaliyoruhusiwa tena mwaka 2023, yana mvuto wake kwa kuwa huokoa siku na wakati mwingine chumba. Kabla ya kulala humo na watoto, mzazi aulize kama kuna dereva wa pili. Masharti ya LATRA yanataka madereva wawili kwa safari inayozidi saa nane. Swali hilo halina gharama. Namba ya bure ya LATRA nayo iwe imehifadhiwa kwenye simu kabla ya kuondoka, kwa sababu mwendo wa hatari hautoi muda wa kuitafuta.

Na tiketi inunuliwe ofisini, kwenye mashine au mtandaoni. Mpigadebe anayeshika mkono wa mama na kumwambia basi linaondoka sasa hivi hana kiti mfukoni. Ana kamisheni, nayo hutoka kwa mama huyo.

KAPU LA SAFARI

Mlo wa watu watano kwenye mgahawa wa njiani, ambako basi husimama dakika chache na bei imeshapanda, ni moja ya gharama zinazotoboa bajeti bila kelele. Kapu la nyumbani ndilo jibu la zamani na bado ni zuri. Ila linahitaji akili kidogo, kwa sababu joto la ndani ya gari halijali kuwa chakula kilipikwa na mama.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Pilau la kuku lililofungwa saa kumi na moja alfajiri na kuliwa saa saba mchana limepita muda huo mara nne. Harufu yake inaweza kuwa nzuri na bado likamwangusha mtoto.

Vinavyosafiri vizuri ni vikavu na vya kumenya: chapati kavu, mkate, maandazi, karanga za kukaanga, ndizi, machungwa. Vyakula vya majimaji, mayai ya kuchemsha, nyama na maziwa viliwe mapema mwanzoni mwa safari au viachwe nyumbani. Uji wa moto kwenye chupa ya chai iliyooshwa vizuri na kufungwa ukiwa unachemka humfaa mdogo kwa saa za kwanza.

Mtoto anayenyonya ndiye msafiri wa bei nafuu kuliko wote. Maziwa ya mama yana joto sahihi na hayahitaji kuoshewa chupa kwenye choo cha kituo. Aliye chini ya miezi sita hahitaji hata maji, jua liwe kali kiasi gani. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani, yapoe, yajazwe kwenye chupa safi, moja kwa kila mtu. Yakiisha, yanunuliwe ya chupa iliyofungwa kiwandani, na kizibo kikaguliwe. Vidonge vya kutibu maji, vinavyouzwa maduka ya dawa kwa bei ndogo, vinafaa kwa siku za kijijini ambako kuni za kuchemshia maji ya wageni watano ni mzigo kwa mwenyeji.

Ikilazimu kula njiani, kanuni ni rahisi: kinachotoka kwenye moto mbele ya macho. Mihogo inayoungua kwenye mafuta sasa hivi ni salama kuliko kachumbari iliyokatwa asubuhi. Juisi ya baridi ya jagi ina mambo mawili yasiyojulikana: maji yake na barafu yake. Sabuni kipande na chupa ndogo ya maji ya kunawa mikono huziba pengo ambalo kitakasa mikono hakiwezi, hasa mikono ikiwa na uchafu wa kuonekana.

KUPATANA CHUMBA

Siyo kila familia itafikia kwa bibi moja kwa moja. Kwa wanaolala njiani au wanaotembea, chumba nacho kina msimu wake.

Dodoma ni mfano mzuri. Bunge la bajeti linapokaa, kuanzia Aprili hadi Juni, vyumba huwa vya kugombea na bei hupanda. Ni hivyo pia kunapokuwa na mikutano mikubwa ya chama au mahafali ya vyuo. Wabunge wakishaondoka, mwenye nyumba ya wageni yuleyule anakuwa na vyumba vitupu na masikio ya kusikiliza. Zanzibar na pwani kalenda ni tofauti: miezi ya masika, Aprili na Mei, ndiyo hoteli nyingi hushusha bei kwa sababu watalii wamepungua.

Kupatana si kugombana. Mama anayesalimia kwanza, akauliza bei, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, tuko watano na tunalala siku tatu, tufanyie bei ya familia," anapata zaidi ya anayeanza kwa kulalamika. Kinachopunguza bei ni sababu: siku nyingi, chumba kimoja badala ya viwili, kulipa kwa mkupuo, kutohitaji kifungua kinywa. Hosteli za makanisa na taasisi za dini, zilizopo kwenye miji mingi, mara nyingi huwa safi, tulivu na hazina muziki wa baa hadi alfajiri. Kwa familia yenye watoto ni vyema kuanza kuuliza huko.

Kabla ya kulipa, mzazi aombe kuona chumba na akague vitu vinne: chandarua kama kipo na hakina matundu, nyavu za dirisha, maji bombani na kitasa cha mlango. Wengi hukagua runinga kwanza. Runinga haimzuii mbu.

Kama chandarua kina tundu la kupita kidole, mbu ana mlango. Ndiyo maana chandarua cha familia chenye dawa, kilichokunjwa chini ya begi, ni kati ya vitu vyenye thamani kubwa kwenye safari. Kinatumika gestini, kinatumika kwa bibi ambako vyandarua havitoshi wageni, na kinarudi nyumbani kufanya kazi yake.

MAHALI PASIPO NA PUNGUZO

Kipande cha mwisho cha safari ndicho huvunja nidhamu ya wazazi. Wametoka mbali salama, wamechoka, zimebaki kilomita chache. Hapo hutokea bodaboda ya mshikaki: dereva, mama, mtoto mgongoni na mwingine juu ya tenki la mafuta, wote bila kofia ngumu. Au Noah iliyojaza watu hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa.

Gharama iliyookolewa hapo ni ndogo kuliko zote za safari, na hatari yake ni kubwa kuliko zote. Familia iliyopanga hesabu yake mlango hadi mlango huwa imeshaweka fedha ya bajaji mbili au taksi moja kwa ajili ya kipande hicho.

Sehemu nyingine isiyo na punguzo ni dawa. Mtoto mwenye pumu asafiri na pampu yake ndani ya begi la mkononi, si kwenye buti. Mwenye selimundu awe na dawa zake za siku zote na nyongeza ya siku kadhaa, anywe maji mara kwa mara na avae nguo za kumkinga na baridi ya asubuhi. Kadi ya kliniki na kadi ya bima viende pamoja. Kwa wenye bima, ni vyema kuuliza kabla ni kituo gani cha afya karibu na wanakokwenda kinaipokea.

Kifurushi cha dharura hakihitaji begi la daktari: pakiti za maji ya chumvichumvi (ORS), vidonge vya zinki, dawa ya homa ya watoto yenye maelekezo ya dozi kwa uzito au umri, kipimajoto, plasta na sabuni.

Kwa ORS, pakiti isomwe kwanza. Zipo za lita moja na zipo za nusu lita, na kuzichanganya vibaya huharibu dawa. Mtoto anayeharisha apewe kidogokidogo kwa kijiko au kikombe, aendelee kula na kunyonya. Zinki hupewa mtoto wa miezi sita na zaidi miligramu 20 kwa siku, na wa chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Wengi huacha siku ya tatu na kuhifadhi zilizobaki.

Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, anatapika kila anachopewa, hawezi kunywa, ana degedege au kinyesi kina damu, ratiba ya safari isimame. Kituo cha afya cha karibu ndicho kinachofuata.

FURAHA ISIYO NA GHARAMA KUBWA

Watoto hawakumbuki bei. Wanakumbuka walichoona. Familia inayokwenda Kondoa ina bahati ambayo wengi huipita kwenye gari: michoro ya miambani ya Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kuelekea Babati, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati imefanya safari hiyo kuwa nyepesi. Mtoto wa darasa la tano aliyesoma habari za watu wa kale kwenye kitabu anaweza kusimama mbele ya mchoro wenyewe.

Kwa wanaoshukia Morogoro, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iko njiani kuelekea Iringa. Kwenye hifadhi za taifa, raia hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni, mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima, na wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Gharama kubwa huwa ni gari. Hapo ndipo familia mbili au tatu zikichangia gari moja, matembezi yaliyoonekana ya matajiri yanakuwa ya kawaida.

Zawadi za kurudi nazo zinunuliwe kwa akili: mafuta ya alizeti, karanga na asali hununuliwa kwa mkulima au sokoni siku ya gulio, si dirishani mwa basi kwa haraka. Asali hiyo, hata iwe safi namna gani, asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mtoto wa umri huo.

MAFUNGU MANNE

Wazazi wanaofanikiwa kwa bajeti ndogo mara nyingi hugawa fedha kabla ya kufunga begi. Fungu la kwanza ni nauli zote, pamoja na za kurudi na bajaji za mwisho. La pili ni chakula na maji ya njiani. La tatu ni zawadi na matembezi. La nne ni dharura, na halishikwi na shemeji, mchango wala nguo ya sikukuu. Litoshe kumpeleka mtoto mmoja na mzazi mmoja hospitalini na kuwarudisha.

Fungu la nne likirudi nyumbani likiwa zima, hilo ndilo punguzo la safari.

Hesabu ya familia ya Kimara haiishii siku wanaposhuka kwenye treni. Dalili za malaria huanza siku saba au zaidi baada ya mtoto kuumwa na mbu mwenye vimelea, na wakati mwingine huchukua wiki kadhaa. Homa ya wiki ya pili ya Januari inaweza kuwa imeanzia kwenye kitanda cha Desemba. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa, na mhudumu aambiwe alikotoka. Kumpa dawa iliyobaki ya mwaka jana ni kubahatisha.

Shule ikifunguliwa, watoto watatu wakiwa wazima na daftari zao mgongoni, bibi akiwa bado anapiga simu kuuliza watarudi lini, wazazi watajua kuwa safari yao ilikuwa ya bei nafuu kweli.